Kalkuleta ya grafu ndani ya konsoli ya gemu, au ununue ya kweli?

Chukua mlinganyo wa kawaida wa darasani, y = x² − 4x + 1. Kwenye TI-83 Plus halisi, kalkuleta ya grafu ya Texas Instruments (TI), kuuandika na kuuchora ni mibonyezo 9: Y=, kitufe cha X, x², kutoa, 4, X tena, kujumlisha, 1, GRAPH. Mwanafunzi aliyezoea humaliza kabla jirani yake hajapata rula. Sasa chukua emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyohiyo, ndani ya konsoli isiyo na skrini ya kugusa, ambapo vitufe 50 vya kalkuleta vimechorwa kwenye skrini nawe unasogeza kiashiria kwa kitufe cha msalaba. Nilikaa nikahesabu, nikifuata mpangilio wa vitufe vya TI. Ukianzia kwenye Y=, kiashiria kinasogea hatua 44 mpaka kufika GRAPH. Ongeza mibonyezo ile 9 ya kuchagua, unapata 53. Ukikosea alama moja katikati, unaanza safari nyingine ya kwenda kuitafuta DEL, kitufe cha kufuta.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila kitu, na ndiyo ambayo watu hawaiulizi. Mpwa wangu, anayesoma mtaala wa kimataifa hapa Nairobi, alinijia likizo ya Agosti na kikonsoli chake cha Anbernic, vile vidogo vya kuchezea gemu za zamani. "Mjomba, wametuambia tununue kalkuleta ya grafu. Si hii inaweza kujifanya TI? Nimeona watu wanafanya." Kilichomtia wasiwasi ni kama kimashine chake kina nguvu za kutosha.

Nguvu kinazo tele. TI-83 Plus ilitoka mwaka 1999 ikiwa na prosesa ya Z80 ya megahezi 6 na kilobaiti 24 tu za RAM za mtumiaji. Hata Nintendo DS ya 2004 ilikuwa na prosesa ya megahezi 67, na PSP ilifika megahezi 333. Tena Z80 yenyewe, iliyotolewa na Zilog mwaka 1976, ndiyo iliyokuwa ndani ya Game Gear ya Sega, na prosesa ya Game Boy ni binamu yake. Ukoo ni mmoja. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Marekani walikuwa wakicheza gemu kwenye kalkuleta zao chini ya dawati. Huyu kijana alitaka kwenda upande wa pili, na mashine ingemruhusu. Tatizo liko vidoleni.

Kwanza, mtihani gani?

Hapa sitazunguka. Hakuna msimamizi wa mtihani atakayekuacha uingie na konsoli ya gemu. Kama unasoma kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, suala lote linaisha mapema: karatasi ya hesabu huruhusu kalkuleta isiyopigia kelele na isiyoweza kupangiwa programu, pamoja na majedwali ya KNEC, baraza la mitihani. TI-83 yenyewe, hata ukiwa na risiti, haiingii, kwa kuwa inakubali programu. Nunua Casio ya kawaida kama wenzako, fx-82 au fx-991, na hiyo konsoli iache iwe gemu.

IB, ule mtaala wa International Baccalaureate, ni jambo lingine. Kule kalkuleta ya grafu ni sehemu ya somo. Kwenye kozi ya hesabu ya Applications and Interpretation unaitumia katika kila karatasi. Kwenye ile ya Analysis and Approaches karatasi ya kwanza haina kalkuleta kabisa, zinazofuata zinayo. Mwanafunzi wa aina hii atanunua ya kweli, apende asipende, na emuleta kwake ni ya mazoezi tu. Mpya si rahisi. TI-84 Plus CE huko Marekani huuzwa zaidi ya dola 100, na ukibadilisha kwa shilingi 130 hivi kwa dola umeshapita 13,000 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana watu huulizana kwenye grupu za wazazi nani amemaliza shule mwaka jana.

Anayefanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ana njia ya tatu. Tangu 2023 nje ya Marekani mtihani huo hufanywa kwenye kompyuta, na Desmos, kalkuleta ya grafu ya bure, imewekwa ndani ya programu ya mtihani. Huyo asipoteze jioni yake na emuleta ya TI. Afungue Desmos azoee kile atakachokikuta.

Konsoli zenyewe, bega kwa bega

| Mashine | Skrini | Unabonyezaje vitufe vya kalkuleta | Maoni yangu |
|---|---|---|---|
| Miyoo Mini, Anbernic RG35XX | 640 × 480, haigusiki | kiashiria na kitufe cha msalaba | nzuri kuangalia, taabu kuandika |
| PSP | 480 × 272, haigusiki | vilevile | usiinunue kwa kazi hii |
| Nintendo DS | mbili za 256 × 192, ya chini inagusika | kalamu yake | umbo zuri kuliko zote |
| Retroid Pocket na wenzake wa Android | inagusika | kidole | ni simu yenye vitufe vya gemu |
| Steam Deck | 1280 × 800, inagusika | kidole, au kibodi ukichomeka | inaweza yote, ila bei yake haina uhusiano na hesabu |
| Simu ya Android | kubwa, inagusika | kidole | unayo tayari |

Kwa upande wa picha, zote zinatosha. Skrini ya TI-83 Plus ina pikseli 96 kwa 64. Kwenye skrini ya 640 kwa 480 unaikuza mara 6 kamili, inakuwa 576 kwa 384, na kila nukta inabaki na kingo kali. Kwenye PSP unaikuza mara 4, kwenye DS mara 2. Nenda kwenye mipangilio utafute ukuzaji wa namba kamili uuwashe, la sivyo mstari mmoja utakuwa mnene na wa pili mwembamba, uanze kudhani grafu yako ina kasoro.

DS naipenda kwa sababu iliundwa kama kalkuleta bila kujua: juu unaangalia, chini unabonyeza. Lakini pima. DS ya kwanza ina skrini ya inchi 3, yaani urefu wake kwenda chini ni kama milimita 46. Panga vitufe vya TI kwa safu 10 kama vilivyo, kila safu inapata milimita nne na nusu hivi. Kwa kalamu inawezekana. Kwa kidole gumba utabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Na kwenye matatu ya 58 ikikanyaga matuta ya Jogoo Road, hata kalamu haisaidii. (Na kama ni lazima uitoe ndani ya matatu, usikae dirishani. Wenyeji mnajua.)

PSP nilijaribu mwenyewe. Niliinunua ya mkono wa pili katika duka moja mjini, muuzaji akaniapia kwamba ni safi. Wiki ya pili kifuniko cha nyuma kilianza kuinuka. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Kabla haijavimba nilikuwa nimeshachoka na kile kiashiria. Kama tayari unayo na betri yake ni nzima, cheza nayo. Kuitafuta leo kwa ajili ya grafu ni kujitafutia kazi.

Hivi vikonsoli vipya vya bei nafuu ndivyo watu wengi wanavyo sasa, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Vingi huendeshwa na RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi kwa pamoja, na RetroArch ina kori (ndivyo inavyoita kila emuleta yake) inayoitwa Numero inayoigiza familia ya TI-83. Imejengwa juu ya Wabbitemu, emuleta inayojulikana sana kwa kalkuleta za Z80. Si kila mfumo unaokuja na konsoli umewekewa kori hiyo, kwa hiyo angalia orodha kabla ya kupanga mambo. Faida moja ambayo kalkuleta halisi haitakupa ni kitufe cha kuharakisha. TI-83 Plus huchora pole pole, unauona mstari ukitambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiwa na programu ndefu ya TI-BASIC, lugha ya kuandikia programu za kalkuleta hizi, unaweza kwenda kununua chapati ukarudi. RetroArch ikiharakishwa, kungoja kunakwisha. Mimi kikonsoli nilikitumia hivyo: programu naiandika kwenye kompyuta, naihamishia, na konsoli inafanya kazi ya kuendesha na kuonyesha. Kwa kazi hiyo inapendeza kweli. Kwa kuandika milinganyo mipya kila dakika mbili, nakurudisha kwenye zile hatua 44.

Lakini kwa nini emuleta, wakati Desmos na GeoGebra ni za bure?

Hili ndilo swali la maana, na mpwa wangu hakuwa na jibu. GeoGebra na Desmos zote zinapatikana kwa simu, zote zinafanya kazi bila bando ukishazipakua, na grafu zake ni laini kwa rangi. Ukigusa pale mkunjo unapokata mhimili wa x, Desmos inakuambia 0.268 na 3.732 hapo hapo.

TI haifanyi hivyo, na tofauti ndiyo somo. Eneo la grafu la TI-83 Plus lina safu wima 95 za nukta. Dirisha la kawaida, ZStandard, linaanzia −10 hadi 10. Safu 95 zina nafasi 94 kati yake, na 20 ukigawanya kwa 94 unapata 0.2127659574. Kwa hiyo ukibonyeza TRACE, kitufe cha kutembeza alama juu ya mkunjo, na kusogea kulia kutoka sifuri, x haiwi 0.2 wala 1. Inakuwa .21276596, kisha .42553191, na kuendelea na desimali zinazomtisha kila anayeiona mara ya kwanza. Utaitafuta sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wetu, ambayo kila mtu anajua iko kwenye x = 2, y = −3, usiifikie. Utapita karibu yake tu, upande huu kisha upande ule. Mwanafunzi asiyejua hili ataandika 1.9148936 kwenye daftari na kumwambia mwalimu kwamba mashine ndiyo imesema.

Dawa ni ZDecimal. Inaweka dirisha la −4.7 hadi 4.7, upana wa 9.4, na 9.4 kwa 94 ni 0.1 kamili. Sasa TRACE inaenda kwa hatua za 0.1, na ukifika 2 unasoma −3 bila mkia. Hii ni tabia ya mashine, na emuleta inaibeba yote kwa sababu inaendesha mfumo uleule wa kalkuleta, pamoja na menyu zake, ukaidi wake, na ile tofauti ya alama ya kutoa na alama ya hasi ambayo imewaliza wengi. Desmos itakufundisha hesabu. Emuleta itakufundisha mashine utakayokuwa nayo chumbani mwa mtihani. Kama hutakuwa nayo chumbani mwa mtihani, sababu kubwa ya kuhangaika na emuleta imekwisha, labda uwe mpenzi wa vitu hivi kama mimi.

Na kama unataka kujifunza mashine, uiweke wapi hiyo emuleta? Nisikufiche: kwenye simu. Wabbitemu ilianza kwenye Windows ikaja na Android pia, na kwenye skrini ya inchi 6 picha nzima ya kalkuleta inakaa kwa kimo chake, vitufe vya kutosha kidole. Mibonyezo inarudi kuwa 9. NumWorks, kampuni ya Ufaransa iliyotoa kalkuleta yake mwaka 2017, inatoa kiigizaji chake rasmi bure, kwenye kivinjari na kwenye simu, na huna haja ya kutafuta faili popote. Konsoli ya gemu inaishinda simu katika jambo moja ambalo si dogo: haina WhatsApp. Kijana anayejifunza jioni na simu mkononi, baada ya mlinganyo wa tatu utamkuta kwenye video za mpira. Ila na konsoli nayo ina gemu elfu moja ndani yake, kwa hiyo sijui kama nimemtoa motoni au nimemhamishia jikoni.

Usidhani pia kwamba konsoli itapenya pale simu ilipokatazwa. Shule za bweni zinazozuia simu hazitaipokea kwa sababu umeita gemu yako kalkuleta.

Faili ya romu

Emuleta ni gamba tupu; ndani yake inahitaji mfumo wa kalkuleta yenyewe, romu. Hapa ndipo watu wanapojiingiza kwenye tovuti za ajabu na kutoka na virusi. Romu ya TI ni mali ya Texas Instruments, na njia safi ni kuitoa kwenye kalkuleta yako mwenyewe. TI-83 Plus ina soketi ya milimita 2.5, ndogo kuliko ya earphone za kawaida za 3.5, kwa hiyo utahitaji waya wake maalumu. TI-84 Plus ina tundu la mini-USB, rahisi zaidi. Kuna njia ya pili: Texas Instruments huweka mfumo wa uendeshaji wa kalkuleta kwenye tovuti yake kwa wenye mashine kuusasisha, na Wabbitemu inaweza kuuchukua huo na kuunda romu kwa kuongezea sehemu ya kuwashia iliyoandikwa na wapenzi, chanzo wazi. Unafanya hayo kwenye kompyuta mara moja, kisha unahamishia faili kwenye kadi ya konsoli.

HP walikuwa waungwana zaidi. Mwaka 2000 waliruhusu romu za kalkuleta zao za HP 48 zitumike na emuleta bila malipo, ndiyo maana mashine hiyo imeigizwa karibu kila mahali. Onyo dogo: HP 48 huandikwa kwa mtindo wa kuweka namba kwanza, alama baadaye. 3, ENTER, 4, kisha +. Hakuna mabano. Wanaouzoea hawarudi nyuma, na wasiouzoea huifunga baada ya dakika tano. Kwenye konsoli ya vitufe tu mtindo huu una nafuu kidogo, kwa sababu safari za kwenda kutafuta mabano zinapungua.

Ningemshauri nani nini

Mwenye mtihani wa IB: nunua ya kweli, hata ya mkono wa pili, na mapema. Unapoikagua kwa muuzaji, ingiza betri zako mwenyewe. TI-83 Plus na TI-84 Plus za zamani hutumia AAA 4, ambazo kila duka la mtaani linazo, na stima ikipotea wiki nzima mashine inaendelea kufanya kazi. TI-84 Plus CE ina betri ya kuchaji, na hiyo uiulize umri wake. Fungua kifuniko cha betri utazame kama kuna unga wa kijani kwenye vyuma. Ukiuona, omba punguzo au ondoka. Bonyeza kila kitufe, vyote 50, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Emuleta iweke kwenye simu, ya kurudia nyumbani.

Mwenye konsoli tayari na hamu ya kuchezea: weka Numero, jifunze TI-BASIC, furahi. Usitumie hata shilingi mia. Mwenye DS kwenye droo na kalamu haijapotea, huyo ana bahati. Kwa mwanafunzi wa chuo aliye na fx-991 anayetaka tu kuona mkunjo wa fomyula yake, GeoGebra kwenye simu inamtosha. Na anayefikiria kununua konsoli mpya kwa sababu itakuwa pia kalkuleta, ajiambie ukweli kwamba anataka gemu, aende akainunue kwa amani. Mwaka 2021 kuna programu ya kikokotoo iliyouzwa kwenye Nintendo Switch kwa dola 9.99, na haikuchora hata grafu. Ya kuchekesha, lakini watu waliilipia.

Mpwa wangu hatimaye alifanya vyote viwili. Ya kweli ilitoka kwa binti wa jirani aliyemaliza, na kikonsoli kikabaki na emuleta yake. Jioni moja akanitumia picha ya kazi ya trigonometria: sin 30 imetoka −0.988. Alikuwa ameshasadiki kwamba emuleta ina hitilafu. Haikuwa na hitilafu yoyote. Casio aliyoizoea tangu darasa la nane ilikuwa kwenye digrii, na TI ikifutwa kumbukumbu huamka kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kwake kila alipofungua emuleta bila kuhifadhi hali ya awali, ilikuwa kama betri zote zimetolewa. Nilimwambia abonyeze MODE, ashuke hadi mstari wa RADIAN DEGREE, achague DEGREE, kisha ahifadhi hali hiyo kabla ya kuzima. Akajibu baada ya dakika moja: ".5". Kwenye kikonsoli, alisema, hiyo safari ya kwenda MODE na kurudi ndiyo iliyomchukua muda wote.